Onyesha Njia

Kupitia tundu la kitanda chake, uso wangu umezama kwenye taulo,
naona viatu tu.
Raba zilezile za kijivu, kisigino cha kushoto kimelika upande,
zilizozunguka mikeka ya mieleka miaka thelathini na mmoja
zikilia kwii, kwii, kwenye sakafu ya ukumbi.
Sasa zinanyata. Sikujua Kocha Lindquist anajua kunyata.

Nje, Minnesota inafanya mambo yake ya Januari.
Theluji imefunika magari hadi vioo,
na mimi nimeizoa kwa koleo tangu saa kumi alfajiri,
ndiyo maana nimelala kifudifudi
juu ya duka la misumari na rangi,
nusu uchi mbele ya mwalimu wangu wa hesabu.

Watu walicheka, nisikufiche.
Alipostaafu walimpa keki na fimbo ya kuvulia samaki barafuni,
wakangoja achakae polepole kama wazee wengine.
Yeye akajiandikisha chuo, ana miaka sitini na mitatu,
akakaa dawati la mbele kati ya wasichana wenye vipini puani,
akakariri misuli ya kigasha kama mtoto na tebo ya saba,
na mtihani wa kwanza akafeli.
Hilo hulisimulia mwenyewe, tena kwa fahari,
yeye ambaye kalamu yake nyekundu ilitutoa jasho.
Karatasi ile kaitundika ukutani: arobaini na nne kwa mia,
kando ya leseni, juu ya picha ya timu ya themanini na saba.
Nami nimo. Wa pili kutoka kushoto, nimekunja uso,
bega la kulia limeshuka.

"Pumua," anasema.
Zamani neno hilo lilikuwa amri. Leo ni kama ananipisha mlangoni.
Mafuta yananukia msonobari. Kidole gumba kinashuka,
kinasimama, kinarudi, kinahakikisha,
jinsi alivyorudia hesabu ubaoni hata kengele ikishalia.
Kila asubuhi alitufokea: x iko wapi? Itafute!
Sikuwahi kuipata.
Kumbe ilijificha chini ya kombe la bega.

"Hapa?"
"Hapa."

Na mkono wake ukasimama.

Ndilo bega lile. Fainali, raundi ya pili,
kitu kililia ndani kama tawi bichi,
nikamtazama pembeni mwa mkeka, naye akapiga makofi:
"Maumivu ni kelele tu, Delmar! Simama!"
Nikasimama. Nikashinda, hata. Kikombe kipo kabatini shuleni,
na bega hili halijawahi kunyanyua mtoto juu ya kichwa,
si Karin, si mdogo wake.

Hakuomba radhi. Nisije nikamsingizia maneno.
Hita ilikoroma. Dukani chini mtu alinunua chumvi ya kuyeyushia barafu,
akabishana bei.
Zile raba hazikusogea.
Aliweka viganja viwili pale, bila kukanda, bila kusukuma,
kama mtu anayegusa ukuta ajue kama jirani yupo,
na saa ikapita muda niliolipia,
ikaendelea kupita.
Pua yangu ilidondosha maji, sitasema ya nini.
Tone moja likapiga kiatu.
Kiatu hakikukwepa.

Nikavaa shati. Dola sabini, hakupunguza hata senti,
chenji akaihesabu kwa sauti,
akachana karatasi, akachora mkono na mishale:
nyoosha hivi, mara kumi, asubuhi na jioni.
"Alhamisi nitakagua," akasema, macho yake dirishani.

Ngazini nikaikunjua. Chini ya mchoro,
kwa wino mwekundu, mwandiko uleule
ulioinamia mbele kama mtu anayepanda kilima:

Usikimbilie jibu. Onyesha njia.