Waya Usio na Namba

Jengo la Kemia, Oulu, mwezi wa Januari.
Jua linachungulia saa nne asubuhi kama mdeni,
saa tisa limekwishaondoka.
Sisi humo ndani hatulioni:
tumefungua dari, tumezivua kuta plasta,
jengo limesimama utumbo nje,
nyaya za miaka sitini zinaning'inia,
nyingine zimevikwa kitambaa, nyingine risasi,
nyingine zimepakwa rangi mara saba pamoja na ukuta.

Hilkka Kotajärvi ndiye fundi wa umeme.
Mimi ni wa mawasiliano: napitisha nyuzi za kioo,
nyembamba kama unywele,
zibebazo maneno ya watu kwa mwanga.
"Mwanga wako hauchemshi hata kahawa," hunitania.
"Wako haujui kusoma," namjibu.
Basi trei yake juu, yangu chini,
shubiri moja na nusu kati yetu,
ili kelele za mkubwa zisiingie masikioni mwa mdogo.

Siku ya kumi na moja tukaukuta.
Mweusi, mnene kama kidole cha mtoto,
umetoka kwenye fyuzi ya kauri isiyo na namba
umeingia ukutani bila kubisha hodi.
Mchoro wa mwaka sitini na nne hauujui.
Mchoro wa themanini na tisa hauujui.
Mkandarasi Sarkkinen akatazama saa yake:
"Kateni."

Hilkka akaubana kwa kipimo.
Namba ikapanda, ikatulia.
"Unakula," alisema. "Kidogo, lakini unakula.
Kinachokula hakikatwi kabla hakijaulizwa jina."

Ghorofa ya tatu friza zilinguruma,
nyuzi themanini chini ya sifuri;
ndani yake kuvu za misituni, damu ya paa wa kaskazini,
miaka ishirini ya mtu katika vichupa.
Daktari Pirkko alikuwa amelala sakafuni kando yake,
koti ndilo blanketi, chupa ya chai ndiyo saa,
akitusikiliza tunavyogonga,
na kila tulipogonga aliinua kichwa.

Si zake. Waya haukupanda, ulishuka.
Tukaufuata nyuma ya stoo ya asidi,
nyuma ya simu ya ukutani isiyo na mkono,
chini ya sinki, ndani ya bomba lililokufa,
mahali ukipotea tukigonga na kusikiliza,
mahali ukitokea tukicheka kama watoto.
Siri ya ukuta aijuaye waya.

Mwisho wake, ngazi za chini kabisa,
pale zinapokata kona gizani:
balbu moja, ndogo, ya manjano, na vumbi lake.
Haina swichi. Imewaka usiku na mchana
juu ya kipandio cha tisa, ambacho ukingo wake umevunjika.

Bawabu Taisto alikuja na funguo zake.
"Ah," alisema. "Ya Lempi."
Lempi nani?
"Alikuwa akibeba ndoo."
Akapanda zake juu, mkono ukutani,
wala hakugeuka.

Jumamosi usiku tulizima jengo zima.
Dakika arobaini.
Sijawahi kusikia nyumba ikinyamaza hivyo:
jenereta uani tu, ikikohoa kwa ajili ya friza,
na Pirkko akihesabu nyuzi kwa sauti,
sabini na nane, sabini na nane, sabini na saba,
hadi Hilkka aliposukuma mkono wa swichi kuu
na korido zikarudi moja baada ya nyingine, nyeupe, zikishangaa.

Paneli mpya ina safu safi, lebo zimechapwa.
Mwishoni kabisa, mashine ya lebo ikiwa imekwishafungashwa,
Hilkka aliandika kwa penseli:
43. Lempi.
Mkataba hauna arobaini na tatu. Sarkkinen alitia saini
bila kusoma, au alisoma.

Mimi sikuweka kitu kule chini.
Mtandao haufiki, simu hukatika pale konani.
Lakini jana nimeshuka na boksi la kebo begani,
sioni miguu yangu,
nikajikuta nahesabu,
na kwenye tisa nikapunguza mwendo.