Supu Ile Ile

Mwaka niliokabidhiwa ufunguo wa jiko la kanisa
niliandika kwenye fomu: "Tunapika supu ya viazi na liki,
tunawapelekea wazee wasioweza kushuka mlima."
Pesa zikaja. Bahasha moja, sahihi moja.
Ifor akanunua gari la mtumba, jeupe,
ambalo mlango wake wa nyuma hufungwa kwa kamba hadi leo.

Serikali ikabadilika,
na neno supu likawa dogo mno kwa kisanduku chake.
Kijana wa wizara, sauti safi kama sahani ya wageni,
akaninong'oneza kwenye simu:
"Bi Eluned, sema lishe jumuishi."
Nikasema lishe jumuishi.
Viazi havikusikia. Viliiva kwa dakika zile zile ishirini.

Waliofuata hawakutaka lishe, walitaka ustahimilivu.
Basi nikaupima ustahimilivu wa Bi Tegwen Pugh,
miaka themanini na tisa, ngazi kumi na saba,
kwa kipimo cha moja hadi tano.
Akaniuliza, "Tano ndiyo nzuri, au ndiyo mbaya?"
Nikarudi kuangalia mwongozo.
Mwongozo ulikuwa umebadilishwa Jumanne.

Kisha wakaja wa kubana matumizi.
Hao walitutaka tuungane na wakulima wa bustani ng'ambo ya mto
na vijana wa ndondi,
tuombe kama kiumbe kimoja chenye vichwa vitatu.
Miezi minne tulibishania jina.
Majira hayo ya baridi tulipika Jumatatu tu,
na mzee Emrys, nyumba ya mwisho, mlango wa kijani,
alifariki Alhamisi.
Sisemi ni kwa sababu yetu.
Nasema Alhamisi ilikuwa siku yetu ya zamani.

Wanasema mpewa hachagui.
Mimi nimechagua kwa miaka kumi na tisa:
nimechagua vivumishi.
Nimeipikia Cardiff maneno, nimeipikia London maneno,
na maneno, tofauti na viazi,
hayana kipimo cha kuiva;
unayatoa motoni pale anayekula anapobadilika.

Fomu ya mwaka jana iliuliza:
"Mpokeaji ataacha lini kuhitaji huduma hii?"
Nikaandika: Wote huacha. Orodha imeambatishwa.
Nikaitazama sentensi ile mpaka chai ikapoa.
Nikaifuta. Nikaandika "safari ya kuelekea kujitegemea",
na kwa safari hiyo tukalipwa robo tatu.

Leo barua imekuja, aya moja.
Sera mpya. Dirisha la maombi limefungwa
kupisha mapitio ya vipaumbele.
Dirisha!
Nilicheka peke yangu kati ya masufuria,
maana la kwetu, juu ya sinki, halijafungika tangu dhoruba ya Februari,
na mvua ya bonde hili huingia bila kujaza fomu.

Ifor hakuuliza barua inasema nini.
Aliziona nyusi zangu, akaenda kumenya viazi.
Anamenya vibaya, anatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda.
Siku nyingine ningemwambia.

Jioni nikaosha thamosi zilizorudi.
Ya Bi Tegwen huja imeshaoshwa, siku zote,
kama mtu anayeogopa kuonekana ameshiba.
Safari hii ndani yake kitu kiligongagonga:
pauni tatu, zimefungwa kwa karatasi ya dawa,
bila jina, bila neno.

Nimefungua daftari la mapato.
Lina safu nne: ruzuku, wakfu, minada, mengineyo.
Nimeshika kalamu muda mrefu.
"Mengineyo" si neno la kumwandikia Tegwen Pugh,
na safu ya tano
sijui huombwa kwa nani.

Nje Ifor anapiga honi.
Liki zimo garini. Kwa mkopo.