Noti ya Kumi na Saba

Godoro nililisimamisha mlangoni,
dirisha nikaliziba kwa kanga mbili na blanketi la marehemu bibi,
feni nikaizima.
Saa nane za usiku, Buguruni,
ndiyo saa pekee mtaa wetu unapokopesha ukimya,
nao hukopesha kwa dakika.

Bi Pili Mwinshehe alikalia ndoo iliyofunikwa,
kanuni mapajani,
akavaa kucha zake za pembe
kama avaavyo subana mchana, kwenye cherehani yake Gerezani.
"Nipige nini?"
Usipige wimbo, nikamwambia.
Piga sauti moja, uiache ife yenyewe.
Halafu nyingine.

Akanitazama kama mteja aliyeleta gauni zima
akitaka lifumuliwe, arudishiwe nyuzi.
"Kwa bei gani?"
Noti kwa noti:
kila noti ya kanuni, noti ya elfu mbili.
Akacheka. Tukaanza.

Ting.
Tukasubiri. Sauti ya kanuni haina haraka ya kufa;
hutembea ukutani, hutafuta pa kutokea,
hurudi imechoka, huketi.
Ting.
Mbwa wa jirani; tukarudia.
Ting.
Lori la mchanga, barabara ya Uhuru; tukarudia.
Kwenye ya kumi na saba uzi mmoja ukakatika,
ukamchapa mkono.
Zilibaki mbili kati ya tatu,
lakini akanyonya damu, akasema,
"Mbili si sauti, ni malalamiko. Ruka."
Tukaruka.
Alfajiri nikamlipa zote ishirini na sita.
Usingizi haujui hesabu.

Mwezi mzima nililala nazo masikioni.
Nilizikata vichwa, nikazigeuza miguu juu.
Moja niliirefusha ikawa masika juu ya bati,
moja niliifupisha hadi ikasahau kuwa ni uzi,
ikawa ngoma,
midundo mia mbili kwa dakika.
Na pale kati ya ya tisa na ya kumi
niliiacha pumzi yake ilivyo,
na mlio wa ndoo alipojigeuza.

Ya kumi na saba niliiunda.
Nilimchukua jirani yake, wa kumi na sita,
nikamvuta kwa kompyuta, kidogo tu,
hadi akafika kwenye kiti cha mwenzake.
Nani atajua?
Desderi, fundi spika, alisikiliza mara nne, hakujua.
Kwenye harusi ya Mnyamani walicheza hadi vumbi likafunika taa,
hawakujua.

Nikampelekea Gerezani.
Sikio moja alinipa mimi,
la pili alimpa mteja wa sare za shule,
mguu kwenye pedeli, unashona.
Mguu ukasimama.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Huyu si wangu.
Umemvisha mtoto wa jirani nguo ya mwanangu."

Sikuwa na la kusema; nikatazama chaki.
Akasikiliza hadi mwisho,
kichwa kikifuata mdundo kwa mbali,
kama mtu asiyetaka kuonekana.
Kisha akafungua mkebe wa vifungo,
akatoa elfu mbili iliyokunjwa mara nne,
akaisukuma mezani, ikapita mkasi, ikanifikia.
"Chukua. Noti hii sikuipiga."

Mguu ukarudi kwenye pedeli.