Nusu Lita

Mwezi ulipoandama, Bombo nzima ilifunga.
Msikiti ulikuwa na kufuli, tarawehe ikasaliwa majumbani,
na dada yangu Zamzam akaniambia kupitia dirishani:
"Wewe usifunge, Kaltuma. Daktari amekataza."
Nikacheka.
Mwaka wa tatu huu nimefunga maji.
Nusu lita kwa siku, kikombe cha bati chenye alama ya msumari,
na humo humo nihesabu chai, nihesabu mchuzi,
hata kipande cha barafu
ninachomumunya usiku kama siri.
Wao wana magharibi.
Kiu yangu haina adhana.

Siku zangu za mashine ni Jumanne na Ijumaa.
Redio ilikuwa imesema: magari ya watu, marufuku.
Boda kubeba abiria, marufuku.
Boda kubeba mizigo, ruhusa.
Doka aliifuata karatasi ya mkuu wa wilaya siku mbili,
akarudi na vumbi hadi magotini, mikono mitupu.
"Basi nibebe kama mzigo," nikamwambia.
Akafunga gunia la muhogo mbele,
mimi nyuma, miguu imevimba haiingii viatuni,
ndala zimefungwa kwa uzi wa kusukia vikapu.

Matugga, kizuizi.
Afande kijana, barakoa chini ya kidevu.
"Boda ni ya mizigo. Huyu ni nini?"
Doka kimya. Nikajibu mimi,
kwa Kiswahili cha kambini cha marehemu baba:
"Andika mzigo, afande. Kilo hamsini na sita.
Hamsini na tatu ni zangu.
Tatu ni maji, nayapeleka Kampala kuyamwaga."

Hakucheka.
Nikapandisha mkono wa gauni,
nikamwonyesha mshipa ulionona kama kamba ya ng'ombe.
"Weka kidole."
Akautazama mkono, akalitazama kopo la sanitaiza
kana kwamba litamjibu.
Kisha akaweka viwili, harakaharaka,
kama mtu anayepima pasi kama imeshika moto.
Ndani ya ngozi yangu damu ilikuwa inanguruma,
nyuki waliofungiwa mtungini.
"Nenda," akasema. "Nenda, mama. Nenda."
Tulipokuwa tunaondoka nikasikia maji:
alikuwa ananawa.

Saa nne nzima damu inatoka, inazunguka,
inarudi imetawadha.
Nasikia baridi. Sista Apolot ananifunika blanketi la pili
na hasemi kitu, macho tu juu ya kitambaa.

Kiti cha dirishani kilikuwa kitupu.
Mwalimu Byansi wa Kiboga,
yule aliyekuwa akitutangazia mechi za zamani
kwa kuwa mpya zilikuwa zimesimama,
goli kwa goli, hadi mashine inalia naye anairuka:
"Kona hiyo!"
Yeye alikuwa bado anakojoa kidogo, basi aliruhusiwa zaidi yetu,
robo tatu ya lita, tajiri wa chumba.
"Nikitangulia, Kaltuma, urithi maji yangu."
Jumanne alikuwa hakuja.
Ijumaa sista akatandika shuka jipya pale,
akalilainisha kwa kiganja, akalilainisha tena.
Kila mmoja wetu akaangalia mirija yake.

Tulifika nyumbani kafyu ikitunyemelea visigino.
Redio ikatoa hesabu ya siku:
waliopimwa, waliokutwa nao, madereva wa malori mpakani.
Vifo: hakuna.
Nilisogeza kiti karibu.
Nilisubiri waitaje Kiboga,
nilisubiri mpaka wakaweka tangazo la sabuni.

Adhana ikatoka, ya muadhini mmoja ndani ya msikiti mtupu.
Zamzam akapitisha sahani dirishani:
uji, sambusa, tende tatu.
Tende ina potasiamu. Nikauma nusu.
Nikajaza kikombe hadi kwenye alama ya msumari,
nikanywa polepole, midomo yote ya Bombo ikinywa nami,
kwa mara ya kwanza saa zetu zikapatana.

Kisha nikakifudikiza kikombe.
Ile robo ya Mwalimu sikuigusa.