Hakuna Mwitikio

Chumba namba kumi na moja, hospitali ya Oulu.
Januari imeliegemea dirisha kwa bega lake lote.
Raili ananibandika vibandiko viwili,
kimoja kiganjani, kimoja mgongoni mwa mkono,
waya mwekundu, waya mweusi, gundi ya baridi.
"Usiseme kitu," asema. "Ngozi ndiyo itakayosema."

Zamani ngozi hii ilikuwa na mdomo.
Nilikuwa karani wa hati za ardhi;
wino ulitambaa chini ya kiganja changu
na mashamba ya watu yakageuka vidimbwi.
Niliwasalimu wateja kwa kichwa.
Siku ya harusi pete iliteleza,
ikabingirika mpaka chini ya mabenchi,
mchungaji akapiga magoti, si kwa sala.

Kisha daktari Lehtisaari akapitia kwapani,
akaikuta neva imelala juu ya mbavu,
nyeupe, nyembamba, uzi wa kushonea kifungo,
akaibana kwa klipu.
Nilizinduka na mikono mikavu, ya moto,
kama mikate.

"Toa saba kwenye elfu moja, uendelee kutoa."
Mia tisa tisini na tatu. Mia tisa themanini na sita.
Kwenye skrini mstari umelala chali.
Anapiga kofi ghafla nyuma ya sikio langu:
nashtuka mimi, mstari haushtuki.
Anautumbukiza mkono wa pili katika ndoo ya barafu.
Nauma meno.
Mstari, kimya.

Halafu, macho yake yakiwa kwenye fomu:
"Jamaa wa karibu, bado ni Aulikki?"

Tulimzika Novemba. Trekta lilichimba,
ardhi ilikuwa imeshaanza kuganda.
Raili hajui. Angejuaje?

Mstari umelala.
Ila mgongoni, chini ya shati,
kijasho chembamba kinaanza,
tone, na tone, kisha mfereji,
mpaka kwenye mkanda, mpaka kwenye kiti.
Huko hakuna waya.

"Bado," nasema.

Anaandika: hakuna mwitikio.
Ni kweli, kwa pale alipopima.
Tunaagana. Nampa mkono, mkono wa birika,
hautoi hata unyevu.

Nyuma yangu nasikia taulo:
anakikausha kiti,
akidhani ni barafu iliyomwagika.