Vidato vya Kigomasha

Khatib ana funguo mbili kwenye uzi wa mkonge:
mmoja wa mnara, mmoja wa chumba cha makumbusho
ambacho zamani kilikuwa stoo ya mafuta,
na hata leo, mlango ukifunguka,
mafuta ndiyo yanayokukaribisha.

Shangazi Mize akavua viatu kizingitini.
Hakuna aliyemwambia avue.

Ndani: debe lililotoboka. Saa ya ukutani
iliyogoma saa nne na robo, ya mchana au ya usiku haisemi.
Faneli ya kufutia taa, imekunjwa vizuri
kuliko nguo zangu zote.
Na chini ya kioo, daftari la zamu, wazi ukurasa mmoja tu:
tarehe, upepo, galoni,
na pale pa sahihi, dole gumba la wino wa zambarau.
Kikaratasi kando yake kimepigwa chapa:
Mtunza taa. Jina halijulikani.

"Halijulikani na nani?"

Khatib akacheka kidogo, akajiona anacheka peke yake, akanyamaza.

Shangazi akainama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Dole lile lina mstari unaolikata mshazari,
kama njia iliyopitishwa katikati ya shamba la mtu.
"Panga," akasema. "Alikuwa akipasua nazi ya futari.
Kitambaa nilishika mie. Nina miaka sita.
Huyu ni Shaame wa Kombo wa Faki. Baba yangu. Andika."

"Lazima tupeleke barua Unguja, bi mkubwa."

"Ipelekeni."
Akabonyeza dole lake juu ya kioo,
mkabala na lile la chini, akaliacha alama.
Khatib alikwishatoa kitambaa.
Akakitazama. Akakirudisha mfukoni.

Kisha mnara. Chuma kitupu, kimechubuka kwa chumvi,
kinavuma tumboni kama mtungi unaopulizwa mdomoni.
Nikamwambia, shangazi, goti.
Akasema, goti ni langu.
Alipanda akihesabu kwa sauti, akipumzika kila kumi,
na katika kila pumziko akiniachia kipande:
kwamba mafuta yalikuwa ya serikali, na cha watu ni amana,
hivyo mtu aliyeiwashia bahari nzima
alizima kibatari cha wanawe kabla uji haujapoa;
kwamba mwanga ulipita juu ya paa lao usiku kucha
ukienda kwa watu wasiowajua,
meli za Kigiriki, za Kijapani, nani ajuaye,
na wao chini wakipapasa ukuta kutafuta mlango wa choo.

"Na hukukasirika?"

"Sabini na moja," akajibu.

Juu, upepo ulitupiga makofi. Taa yenyewe siku hizi
ni kitu kidogo kama kopo la maziwa,
inakula jua mchana, jioni inajiwasha bila bismillahi.
Shangazi hakuitazama. Alitazama vidole vyake.
"Tisini na tano. Baba alisema tisini na sita.
Kila usiku, tisini na sita."

Khatib akaapa hakuna kidato kilichong'olewa.
Tukashuka tukihesabu sote watatu.
Tisini na tano.
Tukakagua kizingiti. Tukafukua mchanga kwa miguu
kama kuku.

Tulikuwa tumeshaupita msitu wa Ngezi, nikidhani amelala.

"Kitanda," akasema.

"Kitanda nini?"

"Alianzia kitandani. Akiteremsha mguu tu, nikimsikia: moja.
Hapo tukijua baba si wetu tena mpaka alfajiri."

Usiku ule, Wete, kiu iliniamsha.
Umeme ulikuwa umekatika.
Nikateremsha mguu, nikaipapasa sakafu,
baridi,

moja.