Sababu ya Kuhama

Fomu imeacha mistari mitatu.
"Sababu ya kuhama. Eleza kwa ufupi."
Nimekaa nayo tangu saa kumi jioni
kwenye benchi la Mama Ndimbwa, Makuburi,
kalamu ikitoa wino kwa kusitasita
kama mtu aliyeulizwa umri wake.
"Barua ya posa hiyo?" ananiuliza,
anageuza mihogo, hasubiri jibu.

Nikiandika la kwanza:
ukumbi una viti mia tatu, sisi ni mia saba na ushee.
Saa kumi na moja alfajiri Sikudhani ameshafika,
ameweka daftari langu, mtandio wake, na jiwe,
jiwe la kumshikia nafasi Ombeni.
Wachelewaji tunasomea dirishani.
Kinachotufikia ni mgongo wa mwalimu
na neno la mwisho la kila sentensi.
Mtiririko wa maji nimeujua kwa miisho yake tu:
...kasi. ...mteremko. ...kwenye mtihani.

Nikiandika la pili:
alama zangu za muhula uliopita zimepotea.
Sikufeli. Zimepotea.
Ubaoni ipo namba yangu, kisha kistari,
kifupi, kama mdomo uliofumbwa.
Chumba namba nne wananituma namba tisa,
namba tisa wako semina Morogoro.
"Rudi Jumanne."
Nimelizoea benchi la korido ile
kuliko kiti chochote cha darasani.

Kile cha Mikocheni nilikwenda kukiona tu.
Sakafu inang'aa, nikaviona viatu vyangu mara mbili,
nikaona haya mara mbili.
Dada wa mapokezi akauliza jina.
"Anyelwisye," nikasema, nikasubiri acheke.
Hakucheka. Aliandika, akanigeuzia karatasi:
"Nimepatia?"
Miaka miwili na nusu nimekuwa tarakimu kumi na mbili.
Nilitoka pale natembea kama mtu aliyelipwa deni la zamani.
Nilipofika Morocco ndipo nikakumbuka
jina langu lilikuwa limeandikwa
juu ya karatasi ya ada.

Milioni moja na laki mbili, kwa muhula.
Baba hahesabu kwa shilingi, anahesabu kwa tofali.
"Mia nane," alisema kwenye simu, papo hapo.
Chanika tunazo elfu mbili na mia moja,
zimeota ukoga upande wa mashariki,
mwaka wa sita zinasubiri kuitwa nyumba.
"Tofali halichachi," akasema. "Wewe ndiye utachacha."
Halafu kimya. Nikamsikia anahesabu kwa ulimi.
Sikumwambia kuhusu krediti ambazo kule hawazitambui,
kwamba mihula mitatu inaweza kuwa mitano,
kwamba Bodi wanasema mkopo utanifuata
kwa sauti ya mtu asiyejua njia.

Na Sikudhani sijamwambia.
Jina lake ndilo atakalonijibu nalo.
Kisha kesho yake, namjua, saa kumi na moja,
ataweka mtandio na jiwe moja tu,
na kwenye kiti changu atakaa mtu
ambaye hata hajui kilikuwa cha nani.

Mwisho wa kupokea fomu ni Ijumaa.
Mama Ndimbwa anafunika karai, anataka benchi lake.
Mstari wa kwanza nimeandika "Alama," nikakata.
Wa pili nimeandika "Viti," nikakata.
Wa tatu una doa la chachandu.

Kesho Jumanne. Nitapita tena chumba namba nne,
fomu ikiwa imekunjwa mfukoni,
na ninachokiogopa, sijamwambia mtu,
ni yule mzee wa faili anyanyue kichwa aseme:
"Kijana, alama zako hizi hapa. Zilikuwa chini ya meza."
Nitashukuru, nitashika karatasi kwa mikono miwili.
Halafu nitasimama koridoni
nikitafuta sababu nyingine.